Kikapu cha Mtu na Gari la Wote

Hakuna neno linalopokewa darasani kwa nyuso mbili mbali mbali kama neno "kundi". Mwalimu akitangaza kwamba kazi ya muhula itafanywa na wanafunzi sita sita, wako wanaofurahi na wako wanaonuna. Anayefurahi, mara nyingi, ni yule ajuaye kwamba kazi itafanywa. Anayenuna ni yule ajuaye itafanywa na nani.

Watu wazima hupenda kuyatuliza manung'uniko haya kwa methali. Husema umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Husema kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno hayo ni kweli. Lakini lugha iliyotupa hayo ilitupa pia mengine: manahodha wengi, chombo huenda mrama, mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapana shaka wahenga waliotunga hayo ya pili walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja na watu.

Shida ya kazi ya kundi haikuzaliwa shuleni. Ina historia, na historia yenyewe yaonekana wazi sana katika nchi moja ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la kinywaji tu: vilima vya chai vya Kericho na Bomet, magharibi ya msitu wa Mau, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri na mashamba hukaa kijani mwaka mzima. Hapo zamani ilikuwa wilaya moja ya Kericho. Bomet ilitengwa mwaka 1992. Katika nchi hii watu wamejaribu kufanya kazi pamoja kwa namna nyingi, baadhi kwa hiari na baadhi kwa lazima, na kila namna ilikuja na jibu lake kwa swali lile lile: nani amefanya, na nani amekaa?

Tuanze na wenyeji. Wakipsigis, ambao wageni wa zamani waliwaita Lumbwa kwa jina wasilolipenda, walikaa katika ujirani ulioitwa kokwet. Kokwet ilikuwa nyumba za upande mmoja wa kilima au za ng'ambo moja ya kijito, pamoja na baraza la watu wa nyumba hizo. Mzee aliyeheshimiwa kwa busara, boiyot ab kokwet, aliongoza mazungumzo, lakini hakuwa chifu wa kutoa amri. Neno lilizungushwa mpaka watu wakakubaliana. Ugomvi wa mipaka, ng'ombe walioingia shambani, na kazi zilizopita nguvu za nyumba moja, yote yalikuwa mambo ya kokwet.

Miongoni mwa kazi hizo kulikuwa na palizi ya wimbi. Yeyote aliyewahi kupalilia wimbi anajua adhabu yake: yako magugu yanayofanana na mmea wenyewe ukiwa mchanga, na mtu hana budi kuinama siku kutwa na kutazama shina moja moja. Nyumba moja ingechoka kabla ya kufika nusu ya shamba. Kwa hiyo majirani walikuja pamoja, wakajipanga mstari, wakaenda mbele kwa pamoja. Na jua lilipoelekea kutua, mwenye shamba aliwapa pombe. Kesho au juma la pili ilikuwa zamu ya shamba lingine.

Yafaa tuitazame vizuri desturi hii, kwa sababu watu huisifu bila kueleza kwa nini ilifaulu. Haikufaulu kwa kuwa watu wa kale hawakuwa na wavivu. Ilifaulu kwa sababu tatu zilizo wazi. Mstari wa palizi ulimwonyesha kila mtu: aliyebaki nyuma alibaki nyuma mbele ya macho ya wote. Tena kazi ilizunguka: asiyekwenda kwa wenzake hakuwa na haki ya kutazamia watu wengi shambani mwake. Na watu wenyewe walikuwa wachache, waliojuana tangu utoto, na ambao wangeishi pamoja mpaka kufa. Ondoa moja katika hayo matatu, desturi huanza kuchechemea. Wala haikuwa desturi isiyo na dosari. Mwenye wimbi nyingi aliweza kupika pombe nyingi, na penye pombe nyingi mikono haikosi. Mjane mwenye ghala tupu alitegemea huruma zaidi kuliko zamu.

Sasa twende kwenye kundi la pili, ambalo halifanani na la kwanza hata kidogo, na ambalo katika vitabu vya shule hutajwa kwa haraka mno. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuchukua sehemu nzuri za nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya walowezi. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, ikaamua kuwapa mashamba askari wa Kiingereza waliopigana. Mwaka 1919 ukaanzishwa mpango mmoja wa pekee: maofisa waliopata vilema vitani wangepewa ekari 25,000 hivi karibu na Kericho, nao wangelima kwa ushirika. Mpango huo ulijulikana kwa kifupi kama BEADOC, yaani koloni la maofisa vilema katika Afrika Mashariki ya Kiingereza. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa. Waliondolewa, na kilio cha ardhi hiyo hakijakwisha mpaka leo. Katika miaka ya karibuni kimefikishwa hata mbele ya Umoja wa Mataifa.

Maofisa walichagua kulima kitani. Kwa hesabu ya wakati ule uchaguzi huo haukuwa wa kijinga. Kitani kilitakiwa sana kwa nguo na kwa mabawa ya ndege za vita, na Urusi, iliyokuwa ikiuza kwa wingi, ilikuwa imevurugwa na vita na mapinduzi. Bei ilipanda kama moshi. Lakini moshi hautui, hutawanyika. Kufika 1921 bei ya kitani ilikuwa imeanguka vibaya sana, na kabla ya miaka mingi kupita, koloni lile la maofisa lilikuwa limekwisha.

Wako wanaosema ni bei iliyowaua, na bei kweli ilikuwa pigo. Mimi naona palikuwa na jambo jingine chini yake. Walikuwa kundi lililounganishwa na mambo yaliyopita, yaani vita, cheo na majeraha, wala si na kazi iliyokuwa mbele yao. Walijua kuamuru, kitani hakijui amri. Kazi ya mikono, kulima na kuvuna na kuloweka, ilifanywa na Waafrika ambao hawakuwa na fungu katika ushirika huo wala sauti katika mikutano yake. Tena waliweka mali yao yote katika zao moja, kwa sababu wote walifikiri namna moja. Kundi la watu wanaofanana sana hupatana upesi, na hukosea upesi vile vile, maana hayumo wa kuuliza swali la kijinga linalohitajika. Mwanafunzi anayependa kuchagua marafiki zake tupu kwa kazi ya kundi na aikumbuke BEADOC.

Ardhi ile haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 sehemu yake kubwa iliangukia mikononi mwa makampuni ya chai. Kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay zikaanza kupanda, na hapo ndipo Kericho tunayoijua ilipozaliwa. Kazi katika mashamba hayo ilipangwa kwa namna iliyo kinyume kabisa cha kokwet. Watu walitoka mbali, kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya, na wengi walikuwa hawajuani kwa sura wala kwa lugha. Jibu la kampuni kwa swali letu lilikuwa mizani. Mchumaji alikuwa na kikapu chake mgongoni, kikapu kilipimwa, uzito ukaandikwa mbele ya jina lake, malipo yakafuata uzito.

Mizani ile iliondoa uvivu, au tuseme ilimwachia mvivu gharama ya uvivu wake. Lakini iliondoa na kitu kingine. Pale ambapo kila jani lina jina la mtu, hakuna atakayetia jani katika kikapu cha mwenziwe. Mchumaji mgonjwa huenda nyumbani na uzito mdogo, na mchumaji stadi hana sababu ya kumfundisha mgeni namna ya kuchuma kwa mikono miwili. Watu mia hufanya kazi bega kwa bega katika shamba moja, lakini mia hao si kundi. Ni watu mia.

Basi, zikiwa ndizo njia mbili tu zilizopo, mstari wa kokwet na mizani ya kampuni, mwalimu wa leo angekuwa na uchaguzi mgumu. Lakini nchi hii ya chai ilizaa njia ya tatu, nayo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote.

Mpaka karibu na 1950 Mwafrika wa Kenya hakuachwa kulima chai kwa ajili ya biashara. Hoja ya walowezi ilikuwa kwamba mkulima mdogo angechuma vibaya na kuharibu jina la chai ya Kenya. Majaribio ya kwanza ya wakulima wadogo yalifanywa upande wa Nyeri, na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukafungua mlango kwa upana zaidi. Kabla ya miaka hiyo ya 1950 kwisha, wakulima wa Kericho nao walikuwa wamepanda. Mwaka 1960 kiliundwa chombo cha serikali cha kusimamia mazao ya namna hii, na mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, chombo hicho kikafuatwa na KTDA. Mwaka 2000 KTDA ikaacha kuwa shirika la serikali, ikawa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Viwanda kama Litein upande wa Kericho, na Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, ni vya namna hiyo.

Tazama sasa kazi inavyokwenda. Mkulima ana shamba lake, labda nusu ekari, labda ekari mbili. Yeye na jamaa zake huchuma majani mawili na chipukizi moja, si zaidi. Siku hiyo hiyo hubeba majani mpaka kituo cha kununulia, kibanda cha mabati kando ya barabara. Hapo majani humwagwa juu ya meza na karani huyatazama. Majani makavu, magumu, au mapana kupita kiasi hukataliwa. Yaliyokubaliwa hupimwa, na uzito huandikwa kwa jina la mkulima. Mpaka hapo ni kazi ya mtu mmoja mmoja, kama ilivyo katika shamba la kampuni.

Lakini baada ya mizani, majani yote hupakiwa katika gari moja. Kiwandani hunyaushwa pamoja, husagwa pamoja, hukaushwa pamoja. Na chai inayotoka haina jina la mtu bali jina la kiwanda. Ikienda kwenye mnada wa Mombasa huuzwa kwa jina hilo. Kila mwezi mkulima hulipwa kwa uzito wake. Mwisho wa mwaka hulipwa mara ya pili, na malipo haya, ambayo kila nyumba huyaita bonasi, hutegemea bei iliyopatikana na kiwanda kizima. Kwa hiyo mtu ana malipo mawili: moja la kikapu chake, na moja la gari la wote.

Hebu fikiri maana yake. Jirani yangu akipenyeza majani magumu chini ya mazuri, uzito wake huongezeka na faida ni yake peke yake. Lakini ubaya wake huingia katika chai yetu sote, na hasara hugawanywa kwa maelfu. Yeye hupata shilingi, sisi kila mmoja hupoteza senti isiyoonekana. Hesabu hii ndogo ndiyo siri ya makundi yote yanayoharibika. Si lazima mtu awe mwovu ili aiharibu kazi ya wengi. Yatosha kwamba faida ya kosa ni yake na hasara yake ni ya watu wote.

Ugonjwa wa pili ni wa uaminifu. Kwa miaka mingi bonasi ya viwanda vilivyo magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ile ya viwanda vya karibu na Mlima Kenya, na jambo hili limeleta uchungu mwingi Kericho na Bomet. Wengine husema sababu ni ubora wa majani, wengine hulaumu uongozi, wengine mnada. Mkulima aliyechuma vizuri mwaka mzima huona amelipwa sawa na aliyechuma ovyo, tena kidogo. Madalali wa viwanda vingine hupita vijijini wakinunua majani kwa fedha taslimu, na wako wanaowauzia. Huyo naye, katika darasa lako, ni yule mwanafunzi hodari aliyechoka, anayekwenda kwa mwalimu kuomba afanye kazi peke yake.

Sasa tuingie shuleni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, Mwafrika msomi kutoka nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilisema elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijiji: kilimo, ufundi, afya. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya serikali ya Kabianga, katika nchi ya Wakipsigis, ambako vijana walishika kalamu na jembe pia. Wazee wengi wa Kenya waliitilia shaka elimu ya jembe. Waliona kwamba mtoto wa mlowezi hafundishwi kulima viazi, wakauliza kwa nini wao. Swali lilikuwa la haki. Na kwa bahati mbaya, katika shule nyingi shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka aliyekosa. Kazi ya pamoja ikafundishwa kama adhabu, kisha watu wakashangaa kwamba wanafunzi hawaipendi.

Mwaka 1962 yakaja makundi ya namna nyingine. Vyama vya 4K vilianzishwa kwa watoto wa Kenya kwa kufuata mfano wa vyama vya vijana wakulima wa Marekani, navyo vikajitwalia maneno manne: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto walifuga kuku na sungura, wakapanda mboga, wakapeleka mazao yao kwenye maonyesho ya kilimo. Katika shule za sekondari palikuwa na vyama vya wakulima vijana. Ulikuwa wakati wa harambee; wazazi walichanga fedha na mawe kujenga shule, na mwisho wa miaka ya 1960 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali. Kuungana halikuwa neno la kitabuni.

Hata hivyo kila mwalimu aliyeongoza chama cha namna hiyo alikutana na swali moja linalochekesha mpaka likukute wewe: nani atamwagilia mboga wakati wa likizo? Muhula ukifunguliwa, kila mtu ni mwanachama. Shule ikifungwa, kuku wana njaa, na mwanachama ni mtoto mmoja tu, yule ambaye nyumba yao iko karibu na uzio wa shule. Mboga zikistawi, picha ya maonyesho hupigwa na wote thelathini. Vyama hivyo vilififia katika miaka iliyofuata, mpaka serikali ilipovizindua upya mwaka 2021.

Watunga mitihani, kwa upande wao, wamekuwa waangalifu. Katika mradi wa somo la Kilimo la kidato cha nne, mtahiniwa huwa na kipande chake cha ardhi, akakipanda na kukitunza mwenyewe. Hiyo ni mizani ya kampuni. Katika maonyesho ya sayansi ya shule za Kenya, mradi mmoja huonyeshwa na wanafunzi wasiozidi wawili. Sheria hiyo ya wawili ina busara zaidi kuliko inavyoonekana, na hapa itatubidi kutoka Kericho kidogo tuende Ufaransa.

Kati ya 1882 na 1887 mhandisi wa kilimo aliyeitwa Ringelmann aliwapa vijana kamba waivute, kwanza mmoja mmoja, halafu wawili, watatu, mpaka wanane, akapima nguvu yao. Alitaka kujua tu namna bora ya kutumia watu na wanyama shambani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalikuwa ya ajabu. Wawili hawakuvuta mara mbili ya mmoja. Kila mmoja alivuta kwa asilimia 93 ya nguvu zake. Wakiwa wanne ilikuwa asilimia 77. Wakiwa wanane kila mmoja alitoa asilimia 49 tu, hata nusu hazikutimia.

Sababu moja ni kwamba watu hawavuti kwa wakati mmoja. Huyu avuta, yule apumua. Lakini je, hiyo ndiyo sababu yote? Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwaambia kwamba wenzao wako nyuma wakivuta nao, hali hawakuwapo. Nguvu zao zikapungua vile vile. Mtu alipunguza bidii kwa kudhani tu kwamba ana wenzake. Mwaka 1979 wengine wakaona jambo hilo hilo kwa watu waliotakiwa kupiga makofi na kelele kwa pamoja. Miaka miwili baadaye jaribio la kelele likarudiwa, na safari hii watu wakaambiwa kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa peke yake. Upungufu ukatoweka.

Mkipsigis aliyesimama katika mstari wa palizi angeweza kuwaeleza hayo bila kamba wala vitambaa.

Tangu 2017 shule za Kenya zimeanza kufuata mtaala wa umilisi, ambao unahesabu mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi mmoja kati ya saba, na kazi za makundi zimezidi kuwa nyingi. Kwa hiyo shida hizi si za baba zetu tu. Tuseme wanafunzi sita wa shule ya kutwa karibu na Litein wamepewa mradi wa kuchunguza maji ya kijito. Mmoja ana mwandiko mzuri. Ataandika kila kitu, na mara nyingi, kusema kweli, huyo atakuwa msichana ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mmoja ana simu nyumbani, basi wengine wote watamwachia utafutaji. Mmoja husema sana, naye atachaguliwa kiongozi kwa sababu hiyo tu. Wawili watasubiri waambiwe la kufanya, wala hawataambiwa. Wa sita hatakuja Jumamosi, nao watamwita mvivu.

Kabla hawajamhukumu, wangeuliza Jumamosi yuko wapi. Katika nchi ya chai jibu si la kubahatisha. Majani hayangoji; yakichelewa kuchumwa hukomaa, na yakikomaa hukataliwa mezani. Siku ambayo hakuna shule ndiyo siku ya mikono mingi shambani. Mtoto yule anavuta kamba nyingine ambayo wenzake hawaioni. Tena yuko mwanafunzi wa tabia nyingine, asiyeandika wala kuchora, lakini wawili wanapogombana yeye ndiye anayewarudisha mezani. Hakuna mizani ya kumpima huyo. Katika kokwet angekua akawa boiyot. Katika daftari la mwalimu ana alama sifuri.

Ndiyo maana siwezi kuridhika na wale wasemao kwamba dawa ni kumpima kila mtu peke yake na kumaliza. Kampuni ilifanya hivyo, ikapata chai, haikupata kundi. Alama moja kwa wote nayo ni bonasi bila mizani, na tumeona bonasi isiyoaminika inavyowapeleka watu kwa madalali. Namna ya KTDA, pamoja na magonjwa yake yote, imegawa jambo vizuri zaidi: uzito ni wa mtu, ubora ni wa wote, na kati ya hayo mawili ipo meza.

Wanafunzi wengi husahau meza. Hugawana kazi Jumatatu, hawaonani mpaka siku ya kutoa, na hapo ndipo hugundua kwamba fungu la mmoja ni majani magumu matupu. Lakini gari limekwisha kuondoka. Kituoni haiwi hivyo. Wakulima wenyewe huchagua kamati ya kituo chao miongoni mwa majirani. Mkulima humwaga majani yake hadharani. Karani akiona mabaya, humwonyesha, na mkulima huinama pale pale akaanza kuyachambua, jani kwa jani, huku wenzake waliotangulia wamekaa juu ya vikapu vitupu wakimngoja, na dereva wa gari akitazama mawingu yanavyokusanyika juu ya Mau.